Boriti Zilizokatwa kwa Ajili ya Moto

Sakafu ya mbao ikivuliwa mbao zake, nyumba huonekana jinsi aliyeijenga alivyoifikiria. Katika nyumba moja ya zamani ya Kirumba, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, juu kidogo ya barabara kuu inayotoka Kanyabayonga kwenda Lubero, boriti za sebule zimelala sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, nyeusi kwa uzee, kila moja sentimita 40 kutoka kwa jirani yake. Zote, isipokuwa tatu. Hizo tatu zinaondoka kwenye ukuta wa upande wa barabara kwa mwendo uleule wa wenzao, halafu zinapobakiza kama mita moja kufika ukuta wa pili, zinakoma. Hazikuoza wala hazikuliwa na mchwa. Zilikatwa kwa msumeno, kwa mkono uliotulia, na mtu aliyejua anachofanya, kwa sababu mbele yao palikuwa na shemine, meko ya kuotea moto yenye dohani. Sasa shemine imeondolewa, tofali kwa tofali, na mahali pake limebaki shimo la pembe nne lenye upana unaozidi mlango kidogo. Ukiinama unaona udongo wa uvunguni, mkavu, haujapata jua tangu nyumba ijengwe. Harufu ya masizi ya zamani inapanda. Na boriti tatu zinautazama ukuta ambao hazijawahi kuugusa.

Msomaji wa pwani atauliza shemine ilikuwa inatafuta nini huku, karibu na mstari wa ikweta. Aje alale Lubero usiku mmoja wa Julai, kisha aulize tena akiwa chini ya blanketi la pili. Butembo iko kando kabisa ya ikweta, lakini imekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayotoka huko kwenda kusini inazunguka migongo ya milima hadi Kirumba na Kayna, kabla ya kufika Kanyabayonga na kuteremka ghafla kwenye joto la uwanda wa Rwindi. Ukungu hushuka mapema, na asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Baridi hiyo ndiyo iliyowavuta walowezi wa Kibelgiji. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928 ili kusimamia na kugawa ardhi, iliwapa mashamba, nao wakalima kahawa, ngano na pareto, wakafuga ng'ombe wa maziwa, na wakajenga nyumba kama za kwao: paa lenye mwinuko mkali, kuta za matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe, na sebuleni shemine yenye kichwa kilichotokeza juu ya paa, ili kila apitaye barabarani ajue kwamba humo ndani kuna mtu anayeota moto akiwa amekaa kitini. Nyingi ya nyumba hizo zilimwagiwa sakafu ya simenti. Chache, zilizojengwa kwenye mteremko, ziliinuliwa juu ya mawe na kutandikwa mbao, na ndizo zinazotusumbua leo.

Shemine ni chombo cha kumtenga moto na moshi wake. Moto unabaki na tajiri. Moshi unapelekwa juu ukajitafutie njia. Katika nyumba za nyasi za wazee wetu viwili hivyo havikutengana. Moto ulikuwa kati, juu ya mafiga, moshi ukapanda taratibu ukapenya kwenye nyasi za paa, na njiani ukafanya kazi: ulikausha mahindi yaliyoning'inizwa, ukafukuza wadudu, ukaipa miti ya paa ngozi nyeusi ambayo mchwa hakuipenda. Uliumiza macho, hilo hatulifichi. Kina mama waliozeeka wakipepesa macho mekundu si hadithi ya kupamba utamaduni. Lakini moshi ulikuwa wa wote waliokuwa ndani. Shemine ilipokuja, hesabu ilibadilika. Nyuma ya nyumba ya mlowezi kulikuwa na boyeri, chumba kimoja au viwili vya watumishi, na humo moto uliendelea kuwa kati ya mafiga na moshi ukaendelea kukosa pa kutokea. Aliyepasua kuni, akazibeba, akawasha moto wa sebuleni alfajiri kabla bwana hajaamka, alirudi kulala kwenye moshi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakuwa wameona nyumba ambamo moto uko mbele na moshi uko nyuma.

Sasa tuangalie hizo boriti tatu kwa karibu, maana fundi aliyezikata anastahili heshima yake. Boriti haiwezi kuingia kwenye mwili wa shemine. Mti uliokaa karibu na njia ya moto hukauka, hugeuka rangi, na siku moja, pengine baada ya miaka 30, hushika moto wakati watu wamelala. Kwa hiyo ukifika kwenye shemine unaikata boriti mapema. Lakini boriti iliyokatwa haina pa kulaza kichwa, na sakafu haisimami kwa huruma. Fundi akachukua kipande kinene cha mti akakilaza kukingama, sambamba na shemine, akavishika vichwa vya zile tatu kwa ndimi zilizochongwa zikaingia kwenye mashimo yake. Kipande hicho nacho kinahitaji pa kushika, kikaingizwa kwenye boriti mbili nzima za pembeni, moja kushoto na moja kulia. Hizo mbili alizichagua nene kuliko zote. Ukipima leo utaona: boriti za kawaida zina unene wa sentimita tano, hizo zina karibu nane. Alijua kwamba kila anayekanyaga mbele ya shemine, kila kiti kinachosogezwa karibu na moto, uzito wake hautashuka chini mahali hapo. Utasafiri kwa pembeni, hadi kwa wale wawili walioachwa wazima.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo tunavyosema tukiwa mbali na mzigo. Boriti ya pembeni haina mwanya huo. Umbo hili nimeliona mara nyingi katika nchi hii tangu nilipolijua kwenye sakafu. Mtu ameondolewa, na nafasi aliyoiacha inaonekana tupu, watu wanaizunguka, wanaiwekea heshima, wanaiombea. Uzito wake hauko hapo. Uko kwa dada mkubwa aliyeacha shule, kwa shangazi mwenye watoto wanane ambao watano si wake. Hakuna anayewatazama kwa sababu wamesimama wima na wanafanana na wengine. Ukitaka kujua walichobeba, pima unene.

Huku kwetu kwa Wanande jina la mtoto ni hesabu. Mvulana wa kwanza wa mama yake huitwa Paluku, au Mumbere. Wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, kwa ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, hesabu ni ileile kwa matamshi yao: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika pande zote mbili. Mgeni huona mpango huu kama jambo la kuchekesha, maana darasa moja Butembo linaweza kuwa na Kambale sita. Lakini sikiliza kinachotokea Paluku akifariki mchanga. Kambale hapandishwi cheo. Atakua akiwa mkubwa wa nyumba, atakaa kwenye kiti cha mkubwa, ataulizwa yanayoulizwa mkubwa, atagawa ardhi ya baba, na hadi kaburini ataitwa wa pili. Kila anayemwita anataja, bila kukusudia, kwamba kuna aliyetangulia. Jina limekataa kuziba pengo. Limeweka alama ya msumeno ionekane. Wageni walioshauri tuache majina haya kwa sababu yanachanganya makaratasi ya serikali hawakuona kwamba yanatunza hesabu ambayo hakuna daftari la serikali limewahi kuitunza vizuri.

Turudi kwenye shemine. Kuivunja kwenyewe ni kazi ya siku chache, na kuna kanuni moja tu ambayo haisamehi: shemine huvunjwa kuanzia juu. Unapanda paani, unafungua mabati yaliyoizunguka, unatoa matofali ya shingo moja moja na kuyapitisha mkono kwa mkono hadi chini, kisha unaifuata ikishuka, dari, sebule, sakafu, hadi uvunguni. Wako wanaoanza chini, kwa sababu ndipo nafasi inapohitajika na ndipo nyundo inapofika bila ngazi. Wanaondoa mwili uliojaza sebule, wanapiga lipu, wanapaka rangi, wanaweka kabati, na juu yao, ndani ya dari, shingo ya matofali inabaki ikining'inia kwa mazoea. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa matofali ina karibu tani 1.8. Hilo ndilo linalokaa juu ya vichwa vya watu wanaokula.

Ni vigumu kutotaja mwaka 1960 hapa, na sitajizuia. Tarehe 30 Juni mwaka ule Kongo ilijitawala, na kilichovunjwa kilivunjwa kuanzia chini, kwa haraka, pale nyundo ilipofika. Siku chache baadaye maofisa wa jeshi waliondolewa kwa vurugu, wasimamizi wa mashamba wakaondoka, madaktari wakaondoka. Wakongo waliohitimu chuo kikuu walihesabika kwa vidole, kwa sababu wenye shule walikuwa wameamua hivyo. Boriti zilikuwa zimekatwa fupi kwa makusudi, ili zimfikie Mbelgiji na kukoma hapo. Na kichwa cha shemine kilibaki juu ya paa: sheria za ardhi, mipaka ya teritware, sheferi za Batangi, Bamate na Baswagha kama zilivyopangwa upya kwenye ramani za Wabelgiji, tabia ya ofisi kumtazama mwananchi kama mtu aliyekuja kuleta kuni. Hivyo vyote viliendelea kukaa juu bila mwili wa kuvishikilia. Wenzetu wengi hulaumu kuvunjwa kwenyewe, kana kwamba tungeiacha shemine ya watu ikae sebuleni milele. Mimi silaumu hilo. Nauliza kwa nini hakuna aliyepanda paani kwanza, na kwa nini boriti hazikuwekewa miti ya kuziegemeza kabla nyundo haijapigwa.

Baadaye nyumba za walowezi zilipita mikono mingi. Kulikuwa na maasi ya Wasimba mwaka 1964. Kulikuwa na tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zinapewa Wazairwa, na hapa Kivu ya Kaskazini Wagiriki waliokuwa na maduka wakafunga virago. Sehemu nyingi za nchi, aliyepewa shamba aliuza ng'ombe, akala, akaondoka. Butembo haikwenda njia hiyo moja kwa moja. Waliokuwa wachuuzi wa mboga na maharage wakawa wenye magari, wenye magari wakawa waagizaji, na leo hii mfanyabiashara wa Butembo anaijua Dubai na Guangzhou kuliko anavyoijua Kinshasa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, aliwatoa waumini wakachimba barabara kwa majembe yao. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989, wakati serikali ikishindwa kulipa hata walimu wa shule za msingi. Watu waliunga boriti zao wenyewe, kwa mti waliokuwa nao. Naliheshimu hilo. Lakini sipendi linavyosimuliwa kwenye harusi na kampeni, kana kwamba kujiungia ni kipaji cha kabila na si adhabu ya kuachwa. Boriti iliyoungwa inabeba, ndiyo, ila haikupaswa kukatwa.

Kuunga kuna kanuni zake. Hupigi kipande kipya kwenye ncha ya kile cha zamani, kichwa kwa kichwa, ukategemea misumari. Kiungo cha namna hiyo huvunjika siku ya kwanza mtu mnene akitembelea. Unakilaza kipya ubavuni mwa cha zamani, vikaenda pamoja mwendo mrefu, nusu ya urefu uliopungua au zaidi, na unavifunga kwa bulonge, yaani bolti, zinazopita pande zote mbili, zikiwa na vyuma vipana chini ya kichwa na chini ya nati ili visizame kwenye mti. Mwendo huo wa pamoja ndio kazi. Ukitazama kutoka juu unaonekana kama upotevu wa mbao, mita nzima ya mti mpya isiyofika popote, imekaa tu kando ya mzee. Lakini hapo ndipo mzigo unapohama, kidogo kidogo, kutoka kwa aliyechoka kwenda kwa anayeendelea.

Pwani wanayo elimu yao juu ya boriti. Lamu na Zanzibar chumba cha nyumba ya mawe ni chembamba na kirefu kwa sababu boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu. Mti uliokatwa kwenye maji ya chumvi ndio uliochora ramani ya ndani, na majahazi yalipobeba boriti hizo hadi Arabuni, vyumba vya huko navyo vikaja na upana uleule. Unene wa kiburi cha mwenye nyumba ulionekana kwenye milango, si kwenye upana wa vyumba. Kisha Sultani Barghash wa Zanzibar akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa nguzo na vyuma, ikawa pana na ndefu kuliko miti ilivyoruhusu. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake ilianguka na kuua mafundi wawili. Naitaja bila kufanya hesabu ya sababu; wahandisi wanayo kazi yao. Naitaja kwa sababu kila ninaposikia neno ukarabati nawafikiria wale walioingia chini ya paa asubuhi ile kulirekebisha.

Sisi wa milimani hatuna mikoko. Boriti za zamani za nyumba hii ni libuyu, mti mwekundu wa misitu ya Beni na Mambasa, uliokuja ukiwa gogo, ukapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili na kukaushwa hadi ukaacha kusogea. Libuyu bado unapatikana. Unapita Butembo kila wiki juu ya malori, kuelekea Kasindi na mpaka, ukaenda kuwa meza za watu wa Kampala na Nairobi. Kwa mtu wa Kirumba anayetaka madriye, yaani mbao nene, tatu tu za kuzibia shimo, bei yake ni kama ya ng'ombe. Atanunua mkaratusi. Milima yetu yote imevaa mikaratusi. Miti hiyo ililetwa wakati wa ukoloni, ikapendwa kwa sababu inakua haraka, na leo ndiyo nguzo, makala, ngazi, jeneza. Ni mti mwaminifu ukisimama. Ukilala ni mgomvi: ukipasuliwa mbichi, unapokauka unajipinda, unapasuka kwenye ncha, na unaweza kung'oa msumari uliopigwa jana. Hapo ndipo mwenye nyumba wa sasa na fundi aliyemwita kuziba shimo walipobishana, mmoja akishika kilo mbili za misumari, mwingine akidai bulonge. Fundi alikuwa na haki. Mti unaosogea unahitaji kitu kinachoweza kukazwa tena, na msumari haukazwi. Unapigwa mara moja na kuachwa na imani yake.

Matofali ya shemine yalipangwa uani kwa mistari, na majirani wakaja kuyaulizia. Ni mazuri, yaliyoiva sawasawa, mengine yanalia kama chuma ukiyagonga. Lakini yale ya ndani, yaliyokuwa uso kwa uso na moshi, yana upande mweusi unaong'aa. Mjenzi asiyejua huyageuza, upande safi nje, akajenga ukuta wa chumba cha watoto na kupiga lipu. Mvua za kwanza zikija, unyevu unaingia kwenye tofali, unayeyusha yale masizi na chumvi zake, na doa la rangi ya chai linatokea juu ya rangi nyeupe. Unapaka tena. Linarudi. Moto ule ulizimika kabla ya baba wa watoto hao kuzaliwa, na bado moshi wake unatoka ukutani. Matofali hayo yanafaa choo, yanafaa ngazi ya nje, yanafaa mahali ambapo hakuna anayejali doa. Hayafai kufichwa.

Swali lililobaki lilikuwa la uvunguni. Chini ya shimo, baada ya shemine kushushwa hadi usawa wa ardhi, palibaki msingi wake: jabali la mawe na chokaa, pana, halijasogea hata upana wa kucha. Mwenye nyumba alitaka nalo ling'olewe. Ni haki yake, na namwelewa. Mtu akisafisha hataki kuacha mzizi. Fundi akamwambia, "Papa, tusilitoe hili. Ncha za boriti nitazilaza juu yake." Maana ukuta wa nyuma haukuwahi kuwa na mashimo ya kupokea boriti mahali pale, na kuutoboa ukuta wa zamani sehemu tatu ni kuomba nyufa. Juu ya mawe yale unajenga kozi mbili za tofali hadi usawa unaotakiwa, unaweka karatasi ya lami kati ya jiwe na mti ili unyevu wa ardhi usipande, unaacha nafasi ya vidole viwili kwenye ncha ili hewa ipite, na mti unakaa. Kinachooza mara nyingi kwenye boriti ni ncha, ile iliyoingizwa ukutani isipumue, wakati katikati bado ni chuma. Mwenye nyumba alisita. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni, akauliza mawe yale yalibebwa na nani kutoka mtoni. Kila mtu pale alijua jibu, maana babu za watu wa mtaa ule ndio waliotolewa kazi za shuruti na kiboko. Msingi ukabaki.

Fundi alitoa sharti moja wakati anakaza nati ya mwisho: madriye mpya zisiwekewe mzigo mzito kwa mwaka mzima. Mti mbichi ukilemewa hupinda, kama mti wowote. Lakini ukikauka ukiwa umelemewa, pindo hilo linakuwa umbo lake, na hata ukiuondoa mzigo haunyooki tena. Sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kati ya kilo 150 na 200 kwa kila mita ya mraba. Watu waliolala hawafiki hapo hata wakibanana. Magunia ya maharage yaliyopangwa manne kwenda juu yanapita mbali. Na shemine ile haikuvunjwa kwa sababu ya rangi yake wala historia yake. Ilivunjwa kwa sababu ya nafasi. Vita vilivyoanza upya mwishoni mwa 2021 vimesukuma watu kuja kaskazini, kutoka Rutshuru, kisha kutoka Kanyabayonga, na wengi hawakwenda kambini. Waliingia kwenye sebule za jamaa, na jamaa za jamaa. Mwishoni mwa Juni 2024 Kirumba yenyewe ikachukuliwa na waasi wa M23, na waliokuwa wenyeji wakajikuta nao barabarani kuelekea Lubero na Butembo, wakigonga milango. Mwaka mzima bila mzigo mzito, katika mji huu, ni sharti la mtu anayezungumza na mbao, si na watu.

Mama wa nyumba alilipokea kama alivyolipokea. Magunia akayapanga mlangoni, upande wa boriti za libuyu. Wakubwa wakatandikiwa mikeka kando ya ukuta wa barabara. Ile sehemu mpya, mbao nyeupe za mkaratusi zikinuka dawa ya kikohozi, akawapa watoto, kwa hoja kwamba ni wepesi. Nao walikuwa wanaruka juu yake kabla fundi hajamaliza kukusanya vifaa vyake.